Somo: Kulinda ubongo wa mtoto, kuanzia kabla ya mimba hadi mwezi wa kwanza

Nianze na lililo gumu kumeza. Vidonge vya foliki (ni vitamini) tunavyowapa kliniki, kwa suala la mgongo wazi, mara nyingi huwa vimechelewa. Mama anakuja hudhurio la kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano, anapewa FEFO zake (vidonge vya foliki pamoja na madini chuma), anaondoka akiamini kamkinga mtoto. Vitamsaidia kwa damu, hilo sibishi. Ila ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vilishafunga zamani.

Viungo hivyo huanza kama utando bapa unaojikunja pande mbili hadi pindo zikutane na kushikana. Kazi hiyo huisha siku ya 28 hivi tangu mimba itunge. Ukihesabu kwa hedhi ni kama wiki sita tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani umepitiliza siku zako kwa wiki mbili tu na bado unajiambia labda ni uchovu. Pindo zisipokutana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa (wengine mnakiita kichwa maji). Zisipokutana upande wa juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki, na mtoto huyo haishi.

Si kila tatizo la ubongo linaanzia hapo. Mengine huja mimba ikiwa kubwa, mengine huja kwenye kitanda cha kujifungulia, na mengi kuliko watu wanavyodhani humkuta mtoto keshafika nyumbani. Ndiyo maana nimelipanga somo kwa wakati.

Hatua ya 1: Kabla ya mimba

Mwanamke yeyote anayetarajia kupata mimba, au asiyetumia njia ya kuizuia (ni kitu kilekile), ameze foliki asidi miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi mimba ifike wiki 12. Usisubiri kipimo kionyeshe mistari miwili.

Chakula je? Mchicha, kisamvu, majani ya kunde, maharage, njegere na machungwa vina foliki. Lakini sisi tuna tabia ya kuchemsha mboga mpaka zilegee kabisa, kisha tunamwaga maji. Foliki inaondoka na yale maji. Pika kwa muda mfupi, na maji yabaki kwenye mboga. Hata hivyo chakula peke yake ni vigumu kufikisha kiwango hicho, kwa hiyo kidonge kibaki palepale.

Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga tangu 2011, na Kenya ilifuata 2012. Unga wa ngano na mahindi wa viwanda vikubwa huongezwa madini chuma na foliki. Tafuta maelezo hayo kwenye mfuko. Tatizo ni kwamba familia nyingi zinakula unga wa mashine ya mtaani, ambao hauongezwi kitu. Na ukipeleka mahindi kusaga, chambua yenye ukungu uyatupe. Mwaka 1990 na 1991, kusini mwa Texas, Marekani, kwenye bonde la Rio Grande, walizaliwa watoto wasio na fuvu wengi kuliko kawaida kwa jamii inayokula mahindi kila siku. Watafiti walilihusisha jambo hilo na fumonisini, sumu ya ukungu inayozuia seli kupokea foliki. Mahindi yetu nayo yanaipata sumu hiyo yasipokaushwa vizuri.

Mwenye kisukari arekebishe sukari kabla ya kushika mimba, kwani sukari iliyopanda wiki zile za mwanzo huharibu ujenzi wa ubongo na moyo. Mwenye kifafa asome jibu la swali la tatu hapa chini. Kuhusu rubela, ugonjwa wa vipele unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, chanjo yake iliingia Tanzania 2014 pamoja na surua, kwa kampeni ya watoto walio chini ya miaka 15. Kama ulikuwa mkubwa zaidi ya hapo, muulize daktari kama unaweza kuchanjwa sasa, kisha usishike mimba kwa mwezi mmoja baada ya sindano. Chanjo hii haichomwi mimba ikiwa tayari imeingia.

Hatua ya 2: Mimba imeingia

Nenda kliniki kabla ya wiki 12, hata kama bibi anasema mimba changa haitangazwi. Hapo utapimwa kaswende, VVU na damu. Kaswende hufika hadi kwenye ubongo wa mtoto, na kwa mama wengi tiba yake ni sindano ya penisilini.

Lala ndani ya chandarua, na homa isikae mwilini. Ukipata joto kali pima malaria siku hiyohiyo. Tumia chumvi yenye madini joto, uifunike vizuri, mbali na unyevu na jua. Upungufu wa madini joto ni kati ya sababu kubwa duniani za watoto kudumaa akili, na kinga yake ni chumvi ya jikoni tu.

Pombe acha kabisa. Dawa za duka la mtaani usizimeze bila kusema kwanza "mimi ni mjamzito".

Hatua ya 3: Kipimo cha picha (ultrasound)

Angalau kimoja kabla ya wiki 24. Wiki ya 18 hadi 22 ndiyo nzuri kutazama kichwa na mgongo. Mwambie mpimaji aangalie hivyo, maana wengi hukimbilia kuuliza jinsia tu. Tatizo likionekana, panga kujifungulia hospitali ambayo mtoto anaweza kupasuliwa au kupewa rufaa haraka. Mgongo wazi unatakiwa kufungwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, kabla wadudu hawajaingia.

Hatua ya 4: Siku ya kujifungua

Mtoto anaweza kuja na ubongo mzima kabisa ukaumia hapa kwa kukosa hewa. Asiyelia wala kupumua anatakiwa kukaushwa, kusisimuliwa, na akikataa bado, kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Nyumbani mfuko huo haupo, na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwabana mzalie kituoni.

Kisha kuna dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Najua zinavyoingizwa wodini, kwenye chupa ya chai. Zinabana mfuko wa uzazi kwa nguvu bila kuachia, damu haifiki kwa mtoto, na sisi tunabaki tunashangaa mapigo ya moyo yanavyoshuka. Ukiwa umekunywa, sema. Hakuna wa kukugombeza, na akikugombeza sema vilevile.

Kabla ya kuondoka ulizia sindano ya vitamini K. Inazuia mtoto kuvuja damu, ikiwemo ndani ya kichwa.

Hatua ya 5: Mwezi wa kwanza nyumbani

Hapa ndipo nataka mtulie. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, mashariki mwa Uganda, mpasuaji wa ubongo Benjamin Warf na wenzake, miaka ya mwanzo ya 2000, waliangalia chanzo cha kichwa kikubwa kwa watoto waliokuwa wakiwapokea. Takriban 6 kati ya 10 hawakuzaliwa nacho. Waliambukizwa, wengi wao ndani ya mwezi wa kwanza, maambukizi yakafika kwenye ubongo na kuziba njia za maji. Mwaka 2020 watafiti walitambua kwa watoto wa Uganda bakteria wa jamii ya Paenibacillus kama mmoja wa wahusika.

Kwa hiyo kitovu kiachwe kikavu. Kisipakwe samadi, majivu, mate, poda wala mafuta ya aina yoyote. Anayemshika mtoto anawe mikono kwa sabuni, awe shangazi au shehe. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akilegea, akihema haraka, akitoa usaha kitovuni au akishtuka kwa degedege, ni hospitali siku hiyo, usiku ukiwemo. Mtoto mchanga anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda.

Manjano nayo. Mtazame kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, yanahitaji kipimo na taa maalumu ya hospitali. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi, na mkingoja yakapanda ubongo hudhurika moja kwa moja. Wa pwani mnisikilize: nguo za mtoto zilizohifadhiwa na nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, msimvalishe. Kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe za damu) zinapasua chembe za damu na manjano yanapanda ghafla.

Mwisho, chukua futi kamba ya fundi cherehani. Zungushia kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi na masikio, hadi pale nyuma palipotokeza zaidi. Aliyezaliwa kwa wakati huwa na kama sentimita 33 hadi 37. Miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Andika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Kikikimbia kuliko hapo, utosi ukivimba na kukaza akiwa ametulia, au macho yakiangalia chini kiasi kwamba weupe unaonekana juu ya mboni, usisubiri tarehe ya kliniki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Kijacho, Morogoro: *Sista mimi nina wiki 14 na foliki sijawahi kuiona. Nimeshamharibu mwanangu?*

Hapana, dada. Wengi ambao hawakumeza huzaa watoto wazima. Hatari ndogo ndiyo ilikuwepo, na kipimo cha picha kitakuonyesha. Anza FEFO leo kwa ajili ya damu yako.

Mama wa Malaika: *Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akafariki. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Nataka kubeba tena ila naogopa.*

Pole sana, mama. Hakuna uliyemkosea. Uwezekano wa kujirudia ni kama 2 hadi 4 katika kila mimba 100, na unapungua sana. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1991, kwa akina mama waliopitia kama wewe, ulionyesha kuwa foliki ya kiwango cha juu ilizuia takriban asilimia 72 ya marudio. Wewe kipimo chako si 0.4. Mwone daktari sasa, kabla ya kubeba, akuandikie miligramu 4 au 5 kwa siku mpaka wiki 12. Baada ya hapo muulize kuhusu kurudi kwenye 0.4, kwa sababu foliki nyingi hupunguza nguvu ya vidonge vya SP vya kuzuia malaria.

Dada Mkubwa, Mbeya: *Mdogo wangu ana kifafa, anameza valproeti na anaolewa Desemba. Aache?*

Asiache hata siku moja kwa uamuzi wake, degedege linaweza kumuua. Ila swali lako ni la maana: dawa hiyo inaongoza kwa kuleta mgongo wazi, kama 1 hadi 2 katika kila mimba 100, na huathiri pia akili ya mtoto. Aende kwa daktari wake kabla ya ndoa, atumie uzazi wa mpango huku akibadilishiwa dawa taratibu.

Jina Kapuni: *Natumia ARV. Niliambiwa dolutegravir inaharibu ubongo wa mtoto.*

Habari hiyo ilianzia Botswana, 2018, matokeo ya awali yalipoonyesha dalili hiyo. Waliendelea kufuatilia maelfu ya mimba na tofauti ikapotea. Endelea na dawa zako, shosti, ukiacha ndipo unamhatarisha mtoto. Kama unameza Septrini (dawa ya kuzuia maambukizi), mkumbushe nesi, maana haichanganywi na SP.

Baba Nasra, Kahama: *Binti yetu ana miezi miwili. Aliugua akiwa na wiki mbili akapona, sasa kichwa kinakua na utosi umetuna. Bibi yake anataka apelekwe kuchanjwa chale.*

Baba Nasra, heshima kwa bibi, lakini mtoto asichanjwe chale wala kutobolewa popote. Mpelekeni leo hospitali ya wilaya au mkoa. Utosi ukiwa bado wazi, kipimo cha picha kinapitishwa hapohapo juu ya kichwa, hakiumi. Ombeni rufaa ya mpasuaji wa ubongo: kwenu hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo karibu, na MOI (taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili) ipo Dar es Salaam. Huwekwa mrija wa kushusha maji hadi tumboni, au hufunguliwa kinjia ndani ya ubongo bila mrija, njia ambayo wale wa Mbale waliiendeleza kwa watoto wadogo. Kuugua kwake akiwa na wiki mbili kutajeni mara tu mkifika, daktari asipouliza mwambieni. Kila wiki inayopita ubongo unabanwa zaidi.

Mwalimu wa Sayansi: *Maduka ya huku yana foliki ya miligramu 5 tu. Tunywe hiyohiyo?*

Kwa asiye na historia, 5 ni nyingi kuliko anavyohitaji. Ulizia kituo cha afya kama wana FEFO, ambayo huwa na foliki 0.4 pamoja na madini chuma. Soma pakiti kwanza. Ikikosekana kabisa, mfamasia au daktari akushauri, usikatekate kidonge kwa kisu ukidhani umepata 0.4.

Mangi Mdogo: *Na mbege kidogo kwa mjamzito? Huku tunaambiwa inaongeza damu.*

Mbege ni pombe, mangi. Kuongeza damu mpe maini kiasi, dagaa na maharage. Mbege kunywa wewe.