Kokotoa mwenyewe: pikipiki yako inahitaji mita ngapi kusimama?

Nafundisha fizikia sekondari, na wanafunzi wangu wengi huja shuleni kwa bodaboda. Ndiyo maana mada ya kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) na mwendo naianzia barabarani. Tafuta rula ya sentimita 30, tofali la pevingi, kipande cha tairi kuukuu, kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Geuza mwendokasi

Spidomita husoma kilomita kwa saa, hesabu zetu zinataka mita kwa sekunde. Gawanya kwa 3.6. Hivyo 50 inakuwa 13.9, na 60 inakuwa 16.7.

Hatua ya 2: Pima wepesi wako

Mwenzako aning'inize rula wima. Weka vidole pande mbili za alama ya sifuri bila kuigusa. Aiachie ghafla, uidake. Ukiidaka kwenye sentimita 20, umetumia takribani sekunde 0.2.

Barabarani hutakuwa mwepesi hivyo. Rula ulikuwa unaisubiri. Mtoto anayekatiza barabara hukuwa unamsubiri. Lazima umwone, uelewe, ndipo mkono na mguu vifike kwenye breki. Tumia sekunde 1 nzima. Ndani ya sekunde hiyo breki bado haijafanya kazi, na Kanuni ya Kwanza ya Newton inasema kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kani ikizuie. Kwa kilomita 50 kwa saa, hizo ni mita 13.9 zimekwisha kabla hujaanza kupunguza.

Hatua ya 3: Pima msuguano

Weka kipande cha tairi juu ya tofali, kisha inua upande mmoja wa tofali polepole. Tairi likianza tu kuteleza, simama hapo. Pima kimo cha upande ulioinuliwa, ukigawanye kwa umbali wa mlalo chini yake. Jibu ndiyo namba ya msuguano.

Sasa bebesha tairi jiwe, urudie. Litateleza kwenye mwinamo uleule, au karibu sana na huo. Hapa ndipo darasa hubishana, na ubishi huo naupenda. Uzito ukiongezeka, msuguano unaongezeka kwa kiasi hichohicho, lakini na tungamo (kilo za kitu) la kusimamisha limeongezeka vilevile. Katika Kanuni ya Pili ya Newton, kani = tungamo × mchapuko (kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde), tungamo linajifuta pande zote mbili. Mchapuko unabaki kuwa namba ya msuguano mara 10, na hiyo 10 ni mvutano wa dunia.

Kwa lami kavu natumia 0.7, kwa hiyo mwendo unapungua kwa mita 7 kwa sekunde, kila sekunde. Hii ni kwa breki nzima. Breki zilizolika hazifiki hapo, hasa ukipakia watu, maana zenyewe ndizo zinazoshindwa kabla ya tairi.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Umbali wa breki = mwendokasi × mwendokasi ÷ (2 × 7).

Kwa 50: 13.9 × 13.9 ÷ 14 = mita 13.8. Jumlisha 13.9 za mwanzo: mita 27.7.
Kwa 60: mita 19.9 na 16.7, jumla 36.6.

Hatua ya 5: Uliza swali lenye uzito

Kivuko cha waenda kwa miguu kipo mita 27.7 mbele. Wa kilomita 50 anasimama hapohapo. Wa 60 anafikaje? Mita 16.7 zimeliwa na ile sekunde ya kwanza, zimebaki 11 za breki. Chukua 16.7 × 16.7, toa 2 × 7 × 11, tafuta kipeuo cha pili: 11.2. Zidisha kwa 3.6. Anapita kivukoni akiwa na kilomita 40 kwa saa.

Wanafunzi huirudia hesabu hii wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Kwa kila mita, breki hula mwendo kidogo mwanzoni na mwingi mwishoni, kwa kuwa umbali unafuata mraba wa mwendokasi. Nchini Tanzania na Kenya kikomo cha maeneo ya makazi ni 50.

Hatua ya 6: Lowesha lami

Weka 0.4 badala ya 0.7, yaani gawanya kwa 8 badala ya 14. Kwa kilomita 50, ukijumlisha zile 13.9 za mwanzo, utapata mita 38. Nenda uwanjani uzihesabu kwa hatua ndefu, ukiwa na dereva wako wa kila siku.