Kila mtoto na uzi wake: ninavyoendesha nyumba mama watoto akiwa zamu ya usiku

Mke wangu ni nesi. Wiki mbili katika kila mwezi anaingia zamu ya usiku, na hapo watoto watatu na nyumba nzima vinabaki mikononi mwangu tangu magharibi mpaka asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Zamani majirani wakiniona naanua nguo alfajiri walinong'ona kwamba nimelishwa limbwata. Siku hizi hao hao wanakuja kuniuliza: fundi, unafanyaje mpaka watoto wanatoka saa 12 na robo wameshakula na mashati yananyooka?

Siri ni ndogo. Siku moja ya Jumatatu niliamua kuangalia saa kwa kila nilichofanya. Kumvalisha mdogo kulichukua dakika 4. Kutafuta soksi yake ya pili, dakika 15. Kunywa uji, dakika 10. Kungoja uji upoe, karibu 20. Nikajua kazi zenyewe ni fupi, kinachotula ni kutafuta na kungoja. Tangu hapo nikiona jambo linanichelewesha najiuliza tu, hapa natafuta au nangoja?

Uzi

Kwangu kila mtoto ana rangi yake ya uzi. Binti mkubwa, wa darasa la tano, ni mwekundu. Anayemfuata, wa darasa la pili, ni kijani. Kitinda mimba wa chekechea ni njano. Nguo yoyote ikiingia nyumbani, kabla haijavaliwa, naipiga mishono mitatu minne ya rangi ya mwenyewe: shati nyuma ya kola kwa ndani, soksi kwenye ukingo wa juu, sweta karibu na lebo, taulo kwenye pembe. Huhitaji cherehani, sindano ya mkono inatosha. Kuna wanaoandika jina kwa kalamu, lakini wino wa kawaida unafifia baada ya kufuliwa mara chache, na mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Njano anaijua.

Faida yake ni kwamba sigawi nguo tena. Nikianua natupa lundo zima mkekani, kila mmoja anachambua zake na kukunja. Za mdogo zinakunjwa kama andazi lililokaliwa, lakini ziko mahali pake. Na sweta likisahaulika shuleni linarudi, maana mwalimu akiuliza "la nani hili?" mtoto anageuza kola na kuonyesha.

Soksi zina dawa yake. Mtoto akizivua tu, anazibana pamoja kwa pini kabla hazijaingia kwenye beseni. Zinafuliwa pamoja, zinaanikwa pamoja, zinarudi pamoja. Angalia pini isiwe na kutu, doa la kutu kwenye soksi nyeupe halina msamaha.

Sare

Sare nafua Ijumaa jioni, si Jumapili. Ukifua Jumapili mvua ya masika ikakukuta, Jumatatu mtoto anakwenda na kaptula yenye unyevu. Ukifua Ijumaa una siku mbili za kusamehewa.

Usianze kwa kuloweka shati zima. Lowesha kola na mikono tu, paka sabuni ya mche mpaka pawe peupe, kunja kola ndani, liache dakika 20 hivi ukafanye mengine. Ukirudi uchafu umeshalegea, unafikicha kidogo basi. Watu wanaumia vidole kwa kusugua kola kavu kama wanaosugua masizi ya sufuria.

Kuanika ndiko kunakookoa pasi. Likung'ute shati mara tatu kwa nguvu mpaka lilie, livute kola na mapindo yakae sawa, funga kifungo cha juu, ulitundike kwenye henga badala ya kulikunja katikati ya kamba. Lianue likiwa bado na unyevu wa mbali, uliviringishe. Hapo pasi inapita mara moja.

Kila mtoto ana pea mbili, kwa hiyo napiga pasi Jumapili na Jumatano, zote kwa mpigo, kwa sababu kuwasha pasi kila asubuhi kwa shati moja ni kungoja na ni kula uniti za LUKU bure. Naanza na sketi za polista pasi ikiwa bado vuguvugu, namalizia na mashati ya pamba ikiwa kali, kisha nachomoa waya na leso zinanyooshwa na joto lililobaki. Umeme ukikatika nina pasi ya mkaa ya kazini. Mwenye nayo asikie haya: ipepee nje mpaka jivu liishe, uipitishe kwanza kwenye jani la mgomba, na usipepee ukiwa umeiinamisha juu ya nguo. Niliwahi kulipa shati la mteja kwa kosa hilo.

Sasa vifungo. Shati la dukani vifungo vyake vimepigwa kwa mashine, na mara nyingi uzi ukikatika mahali pamoja unafumuka wote. Siku unayolinunua, kaa nusu saa uvirudie vyote kwa mkono. Uzi uwe maradufu. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, shona ukikipitia, halafu kichomoe. Kifungo kikivutwa juu kinapata shingo. Zungusha uzi kwenye shingo hiyo mara tatu, piga fundo, tone moja la rangi ya kucha juu ya fundo. Kifungo hicho kitaliacha shati lichakae lenyewe.

Kaptula na sketi nunua zenye nafasi, ukamwambie fundi alaze pindo pana kwa ndani, inchi tatu. Kila mtoto akirefuka unafumua na kushusha. Ule mstari wa pindo la zamani paka siki kidogo, weka kitambaa chenye unyevu juu, kandamiza kwa pasi. Haufutiki wote kama nguo imepauka sana, ila hautazamiki.

Madoa kwa ufupi: damu ni maji baridi tu, ya moto yanaipika ikaganda. Wino wa kalamu, weka kitambaa kikavu chini na uchovye spiriti kwa pamba, usisugue. Jojo kwenye sketi, barafu ndani ya nailoni, ikikauka ibandue kwa kijiko. Zipu iliyokwama ipake risasi ya penseli au mshumaa. Utomvu wa ndizi sina dawa yake. Mtoto akienda mgombani avae nguo mbovu.

Jikoni

Upishi wangu mwingi ni wa Jumamosi. Ijumaa usiku naloweka kilo moja na nusu ya maharage, asubuhi namwaga yale maji na kuweka mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Hili mama watoto amelisisitiza sana, hasa kwa maharage mekundu, kwamba yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kuvuruga tumbo vibaya. Nyanya, ndimu au ukwaju usitie kabla hayajaiva, uchachu unayafanya yabaki magumu. Yakiiva nayagawa yakiwa matupu kwenye makopo ya siagi, kila kopo chakula cha usiku mmoja. Yakipoa yanaingia kwenye friza. Siku ya kula ni kuunga tu: kitunguu, nyanya, tui, robo saa umemaliza.

Tui nalo lina utaratibu wake. Nakuna nazi tano kwa mara moja (binti yangu siku hizi anaimudu mbuzi kuliko mimi), nakamua tui zito kwa kifumbu na kuliweka kwenye makopo madogo ligande, lile jepesi linapikia siku hiyo hiyo. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kopo. Mara ya kwanza nilijaza chupa ya kioo mpaka shingoni. Usiku tukasikia mlio, asubuhi friza nzima ni vigae na nazi. Likiyeyuka utaona limejitenga, usiogope, likoroge. Likishaingia jikoni endelea kukoroga mpaka lichemke, lisikatike.

Tangawizi na kitunguu swaumu nasaga kwa mafuta kidogo, nagandisha kwenye trei ya barafu, kila kijumba ni mchuzi mmoja. Usikiweke kabatini hata kama unaona mafuta yamekifunika. Kitunguu swaumu ndani ya mafuta kikikaa kwenye joto kinaweza kuotesha sumu isiyonuka wala kubadili ladha. Hilo pia ni la nesi, na kwake hakuna mjadala.

Chapati za asubuhi nazipika usiku nusu: zikauke pande zote mbili bila mafuta, zisipate rangi. Zikipoa nazipanga, kati ya moja na nyingine karatasi. Karatasi hiyo niliidharau siku moja, nikapata chapati moja nene kama tofali. Asubuhi ni mafuta na dakika mbili kila moja.

Uji naupika saa 10 na nusu alfajiri, nikiwa nimeukoroga unga wa ulezi kwa maji baridi kwanza ili usifanye madonge. Unaingia kwenye chupa yenye mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Ile ya mdomo mwembamba ya chai inaziba, utapiga kitako chake kama ngoma. Lakini vikombe vya watoto namimina mapema, robo saa kabla hawajaamka, vinapoa vikiwangoja. Nilikuwa nafanya kinyume, nawaamsha kwanza halafu tunakaa wote kuupulizia uji.

Ugali hauna njia ya mkato. Nimejaribu.

Watoto wenyewe

Ukutani karibu na mlango nimepigilia misumari mitatu, kila mmoja kwa kimo cha mwenyewe, na juu yake kipande cha uzi wa rangi yake. Begi linatundikwa hapo usiku, madaftari yakiwa ndani, viatu vimepigwa rangi chini yake. Baba naye ana msumari wake wa funguo za baiskeli. Nilivumilia mwezi mzima wa kusema "msumarini!" kila jioni, sasa siongei.

Viatu vya mdogo, kulia na kushoto vilitugombanisha kila siku. Nikachora samaki kwa kalamu ya wino mzito ndani, kichwa kwenye kiatu cha kushoto, mkia kwenye cha kulia. Akiviweka pamoja samaki akawa mzima, avae. Samaki akiangaliana na mkia wake, abadilishe. Wino ukifutika namchora upya, na safari hii ameniagiza pweza.

Usimuulize mtoto mdogo "utaoga?" Umeshampa nafasi ya kusema hapana, na hapana yake ni dakika kumi. Muulize "uoge kabla ya uji au baada?" Atachagua, na atajiona mkubwa. Kwa kaka yake wa darasa la pili haifanyi kazi, ameshaigundua. Yeye anataka mashindano, kwa hiyo anashindana na mimi kufunga kamba za viatu, na mimi nina vidole vya fundi lakini sijui kwa nini nashindwa kila siku.

Jioni siiti mtu. Adhana ya magharibi ikisikika kila mtoto anajua ni miguu kuoshwa na ndani. Kazi za shule tunafanyia jikoni: mkubwa anasoma kwa sauti huku nachambua mchicha, wa kati anahesabu huku akitoa mawe kwenye mchele juu ya ungo. Akikosea hesabu namsikia, akipitwa na jiwe tutalisikia wote.

Madaftari mapya ya Januari tunajalidi siku moja, wote mkekani, mkubwa anakata karatasi ya kaki, mimi nakunja, wa kati anabandika, mdogo anapaka gundi kwenye mkeka.

Na sare za mama watoto? Nguo zake za kazi zina beseni lake la bluu, hazichanganywi na za watoto, na anazifua mwenyewe. Pasi ndiyo ananiachia. Uzi wake ni mweupe juu ya nyeupe, hauonekani mpaka uukaribie, na hiyo rangi aliichagua mwenyewe.