Namna ya Kununua Viatu kwa Mwenye Miguu Isiyopatana na Viatu vya Dukani

Mtu mwenye mguu mpana, au mwembamba kupita kiasi, au uliotokeza mfupa, akienda Ngamiani, hapa Tanga, kutafuta viatu hurudi nyumbani ama mikono mitupu ama na kiatu alichokinunua kwa kuchoka kutafuta. Mimi nimerudi kwa namna zote mbili. Mguu wangu wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa karibu nusu sentimita, sehemu yake ya mbele ni pana, kisigino ni chembamba, na kando ya kidole gumba mfupa umechomoza kama ulivyochomoza kwa mama yangu. Siku ya harusi ya mdogo wangu nilivaa kiatu nilichoambiwa kwamba kitatanuka chenyewe, na ulipofika wakati wa kumtunza bibi harusi nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi, malengelenge yamepasuka, siwezi kusimama. Jambo hilo liliniumiza zaidi ya vidonda. Tangu hapo sinunui kiatu bila kipimo, na utaratibu ninaoufuata ndio ninaoueleza hapa.

Kwanza ni lazima kufahamu kwamba namba ya kiatu hueleza urefu peke yake. Namba za Ulaya, ambazo ndizo nyingi katika masoko yetu, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo kati ya 40 na 41 pana tofauti ya takriban milimita 6.7. Namba za Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 8.5, na za Marekani hupanda kwa kiasi hicho hicho lakini huanzia mahali pengine, ndiyo maana kiatu cha kiume kilichoandikwa 8 kwa Uingereza kwa kawaida huandikwa 9 kwa Marekani. Upana haumo katika namba hizo. Baadhi ya viwanda huuonyesha kwa herufi: katika viatu vya kiume vya Marekani D ni upana wa kawaida na EE ni mpana, na katika viatu vya kike vya huko huko B ni wa kawaida na D ni mpana. Anayenunua mitumba aitafute herufi hiyo ndani ya ulimi wa kiatu, karibu na namba, kwa kuwa wauzaji wengi hawaitazami kabisa.

Mwenye mguu mpana ambaye hajui hayo huongeza namba. Kiatu humtosha kwa upana lakini huwa kirefu, mguu huteleza mbele kila anapopiga hatua, na mahali ambapo soli ilitengenezwa ikunjike hapalingani tena na mahali ambapo vidole vyake hukunjika. Kosa hili nimelifanya kwa miaka mingi, na ninaamini ndilo linalowaumiza wengi kuliko mengine yote.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa chochote cha dukani. Subiri mpaka baada ya alasiri, wakati mguu umekwisha kuvimba kwa joto na shughuli za kutwa, kwa sababu kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana jioni, hasa katika hari ya Tanga wakati wa kaskazi. Tandaza karatasi ngumu juu ya sakafu ya saruji, simama juu yake kwa uzito wako wote, kisha mwombe mtu mwingine auzungushie mguu penseli iliyosimama wima. Ukijichorea mwenyewe utainama, uzito utahama, na mchoro utatoka mwembamba kuliko mguu. Chora miguu yote miwili. Pima urefu kuanzia nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kilicho kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, halafu pima upana pale vidole vinapoanzia. Chukua futi kamba ya fundi cherehani uzungushe mahali hapo hapo penye upana, kisha uzungushe tena juu ya mgongo wa mguu. Andika vipimo vyote juu ya mchoro, na pembeni andika tarehe, kisha ukate karatasi kwa kufuata mstari.

Kwa kukadiria namba ya Ulaya, chukua urefu wa mguu mkubwa kwa sentimita, ongeza 1.5 ya nafasi ya vidole, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26 hutoa 41 na kidogo. Hesabu hiyo inakuonyesha mahali pa kuanzia tu, kwani viwanda havilingani.

Karatasi uliyokata ndiyo utakayokwenda nayo sokoni. Iwe unapita katika maduka ya barabara za Ngamiani au unainama juu ya mitumba iliyotandazwa chini, ingiza karatasi ndani ya kiatu kabla ya kuingiza mguu. Ikijikunja pembeni, kirudishe kiatu hicho bila kukijaribu. Ikiwa soli ya ndani inatoka, itoe na usimame juu yake, na endapo nyama ya mguu inamwagika nje ya kingo zake, upana hautoshi hata kama muuzaji anasisitiza. Atasisitiza, tena kwa adabu. "Shikamoo mama, hicho kitatanuka tu ukikivaa siku mbili." Mwitikie marahaba, mshukuru, na umwombe kingine. Kijana huyo anatafuta riziki yake na hana kosa, lakini mguu utakaochubuka si wake.

Karatasi ikikubali, vaa viatu vyote viwili na usimame. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Sehemu pana ya mguu ikae mahali ambapo kiatu kinakunjika. Tembea hatua ishirini au zaidi, kwenye sakafu ngumu, na usikilize kisigino: kikipanda na kushuka, kiatu kitakuchubua kabla hujafika kituo cha daladala. Nunua kwa kufuata mguu mkubwa, kisha ujazie nafasi ya mguu mdogo kwa soli nyembamba ya ndani. Mwanamke mwenye mguu mpana asione haya kutazama upande wa viatu vya kiume, hasa raba na viatu vya kamba, kwa kuwa kwa urefu ule ule viatu vya kiume kwa kawaida huwa vipana zaidi. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka achague viatu vya kamba kuliko vya kutumbukiza, na katika kufunga aliruke tundu lile linalomkandamiza.

Mitumba ina hatari mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kwamba kiatu kilichovaliwa sana kimechukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, hivyo kigeuze uone kama soli imelika upande mmoja. Ya pili ni soli laini za povu, ambazo kwa kukaa muda mrefu katika unyevunyevu huoza kwa ndani ingawa kwa nje kiatu kinang'aa. Ibonyeze soli kwa kidole gumba na ukikunje kiatu. Kikitoa nyufa au unga, kiache. Hewa yetu ya pwani itakimaliza.

Kuhusu kutanua, yapo yanayowezekana na yasiyowezekana. Ngozi halisi hutanuka kwa upana, hairefuki. Fundi viatu mzuri huilowesha kidogo mahali panapobana, huingiza kalibu ya mti na kuiacha usiku kucha, na kwa mwenye mfupa uliotokeza huongeza kipande kidogo juu ya kalibu pale pale mfupa unapogusa. Viatu vya plastiki na vya ngozi bandia havifai kwa kazi hiyo, kwani hurudi vilivyokuwa au hupasuka. Kwa hiyo, kabla ya kukubali neno "kitatanuka", tazama ukingo uliokatwa: ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa.

Ikiwa umezunguka na hukupata, nenda kwa fundi ukashonewe. Makubadhi ya ngozi ndiyo ninayowashauri wengi waanze nayo, kwa sababu mguu uko wazi, mikanda hupimwa juu ya mguu wenyewe, na fundi akikosea ni rahisi kurekebisha. Mpelekee mchoro wa miguu yote miwili pamoja na kiatu cha zamani kilichokuumiza, umwonyeshe mahali kilipoumiza. Ukitoa arbuni, patana naye kwamba utakuja kujaribu mikanda kabla soli haijagandishwa na kushonwa. Mafundi wengi hukubali wakiambiwa mapema, lakini ukiambiwa kazi imekwisha, huna tena la kudai.

Wapo ambao kwao kiatu kibaya ni hatari kubwa kuliko maumivu. Mwenye kisukari huenda asihisi kuchubuka, na kidonda kidogo kikaishia pabaya. Achague kiatu kisicho na mshono mgumu ndani, apitishe mkono ndani ya kiatu kila siku kabla ya kukivaa, na aikague miguu yake kila jioni. Mwenye matende, maradhi yanayoenezwa na mbu na yaliyoacha alama katika miguu ya watu wengi wa pwani hii, anahitaji kiatu kipana kinachofunguka mbele kote, chenye mikanda inayolegezwa, ili mguu uoshwe na kukaushwa vyema hata katikati ya vidole. Kiatu cha namna hiyo kwa kawaida hushonwa, na mtu asiambiwe aende pekupeku kwa sababu madukani hakipo.

Anayeagiza kwa simu kutoka Kariakoo asimtajie muuzaji namba pekee. Amwombe picha ya soli ya ndani ikiwa imewekwa pamoja na rula, kisha ailinganishe na karatasi yake. Kiatu kikishapanda basi kuja Tanga, kukirudisha ni nauli nyingine na maneno mengi.

Baada ya kununua, usikivae kiatu kipya kwenda kazini wala shughulini. Kwa jioni tatu kivae ndani ya nyumba, juu ya sakafu iliyofagiwa, kwa muda wa saa moja, kisha ukivue na uutazame mguu kwenye mwanga. Wekundu unaopotea baada ya dakika chache si kitu. Usipopotea, au ukiwa mahali pale pale jioni zote tatu, futa soli vizuri na ukirudishe kiatu kwa muuzaji kingali kipya.