Kuchagua Kisu cha Kuchunia: Mwongozo kwa Anayechinja Nyumbani

Tangu mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, kisu cha mwindaji hakina tena kazi halali ya kumchuna swara au digidigi nchini mwetu, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimwonei huruma anayekutwa na nyama ya aina hiyo. Hata hivyo kisu chenyewe, yaani kile kifupi kisichokunjwa ambacho wawindaji wa Marekani na Ulaya hukitumia kumpasua na kumchuna mnyama pale pale alipoangukia, hakijakosa kazi hapa kwetu. Mbuzi wa Krismasi mjini Nakuru, kondoo wa Idd-ul-Adha kule Mumias na fahali wa sherehe za tohara huko Bungoma, zinazofanyika Agosti ya miaka ya shufwa, wote hupitia hatua zile zile: kuchunwa, kupasuliwa tumbo, kutolewa matumbo na kukatwa vipande. Mwongozo huu ni wa mtu anayechinja kwa ajili ya familia na wageni wake. Nyama ya kuuza ina njia yake, nayo ni kichinjio chenye leseni na mhuri wa mkaguzi.

Nianze na sababu ya kukataa kisu cha kukunja, kwa kuwa nilijifunza kwa aibu. Desemba moja nyumbani Vihiga nilimchuna kondoo kwa kisu cha kukunja nilichokuwa nikijivunia sana, na nilipomaliza nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakifuta, nikakitia mfukoni. Siku ya nne chumba kizima kilinuka. Nilipolifungua ungio lake kwa bisibisi nilikuta mafuta yaliyoganda, sufi na damu nyeusi vimejazana mahali ambapo hakuna kitambaa wala brashi ingefika. Kisu kisichokunjwa hakina pango la namna hiyo. Zaidi ya hayo, hakiwezi kujifunga juu ya vidole vyako wakati mikono imelowa na unakata gegedu kwa nguvu.

Kosa la pili, ambalo naliona kila mwaka, ni la ukubwa. Watu hununua kisu kama wanaonunua panga, wakidhani kwamba mnyama mkubwa anahitaji bapa refu. Ukweli ni kwamba sehemu ngumu ya kazi hii hufanywa ndani ya mnyama, mahali ambapo jicho halioni, na kwa hiyo ncha ya kisu lazima iwe mahali ambapo kidole cha shahada kinaweza kuifikia au kuikaribia. Fikiria unavyokizungushia kisu kibofu cha mkojo katikati ya mifupa ya nyonga, au unavyokitenganisha kifuko cha nyongo na ini: ukiwa na bapa la sentimita 18, sentimita 8 za mwisho zinatembea gizani bila mwongozo, na tone moja la nyongo likimwagika ini zima linakuwa chungu. Kwa mbuzi na kondoo, bapa la sentimita 9 hadi 11 linatosha kabisa, na kwa fahali sentimita 12 au 13. Mifupa ni kazi ya shoka au msumeno, na maungio hukatika kwa kisu kifupi mradi unajua pa kupita.

Kazi ya koo ni jambo jingine. Anayechinja kwa utaratibu wa Kiislamu anahitaji bapa refu kiasi, lililo kali sana na lisilo na pengo, ili koo, umio na mishipa mikubwa vikatike mara moja bila kusugua, tena kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Kwa hiyo ushauri wangu ni visu viwili vya bei ya wastani: kimoja kirefu cha shingo na kimoja kifupi cha kazi nyingine zote. Kisu kimoja ghali kinachodai kufanya kila kitu huishia kufanya vyote nusu nusu.

Sasa tuangalie umbo. Kisu cha jikoni kwa kawaida kina makali yaliyokaribia kunyooka na ncha kali kama ya sindano, na ncha hiyo ndiyo inayotoboa ngozi na matumbo. Kisu cha kuchunia kinapaswa kuwa na tumbo, yaani makali yapinde kwenda juu taratibu kuelekea mbele, kwa sababu ngozi hutenganishwa na nyama kwa kupitisha sehemu hiyo ya mviringo kwa mikono miepesi, wala si kwa kuchoma. Mgongo wa kisu nao ushuke kidogo kuelekea ncha, ili ncha isiwe juu sana na isijidunge kila unapokigeuza. Umbo hili lilipata umaarufu katika visu vya uwindaji kupitia mhunzi Mmarekani Bob Loveless, na ukilishika mkononi utaona kwamba umaarufu huo haukutokana na urembo. Ngozi iliyotobolewa au iliyokwaruzwa kwa kisu hushuka daraja na bei kwa mnunuzi wa ngozi, kwa hiyo umbo la kisu linaweza kukurudishia sehemu ya pesa zako.

Visu vingine vina ndoano mgongoni, inayokusudiwa kufungulia ngozi ya tumbo kama unavyofungua zipu. Mimi siipendi. Hujaa manyoya, ni taabu kuinoa, na vidole viwili vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi: pasua tundu dogo chini ya kidari, ingiza kidole cha shahada na cha kati vikitazama juu kama herufi V, weka kisu katikati yao makali yakitazama juu, kisha sukuma mkono mbele polepole huku vidole vikiyabana matumbo yasipande. Hapo ndipo utakapotambua kwa nini nilisisitiza ufupi. Unene wa mgongo wa milimita 2.5 hadi 3.5 unafaa, kisu chenye mgongo wa milimita 5 hutanua nyama kama kabari badala ya kuikata.

Chuma ndilo jambo lenye utata mkubwa, na ndilo ambalo wauzaji hulizungumzia kwa maneno matamu zaidi. Kwa mnunuzi wa kawaida kuna makundi mawili. La kwanza ni chuma cha kaboni, ambacho hunoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni, lakini hushika kutu ukikiacha na damu usiku mmoja, hasa Kisumu ambako hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. La pili ni chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kilichochanganywa na kromiamu ya takriban asilimia 11 au zaidi, ambacho kinahitaji subira zaidi kwenye jiwe. Mtu anayechinja mara tatu kwa mwaka na kusahau kisu sandukuni baada ya hapo, namshauri la pili. Anayechinja kila wiki atafurahia la kwanza.

Usidanganyike na kipimo cha sumaku. Wengi huamini kwamba kisu kikishikwa na sumaku ni cha kutu, na kisiposhikwa ndicho bora. Mambo ni karibu kinyume: chuma kisichoshikwa na sumaku kabisa kwa kawaida ni kile kile cha vijiko na sufuria, ambacho hakiwezi kugumishwa kwa moto, hivyo makali yake hulala kabla hujamaliza mguu wa kwanza. Visu vizuri vya chuma kisichoshika kutu karibu vyote hunaswa na sumaku. Ugumu nao una mpaka wake. Katika kipimo cha Rockwell, visu vya bucha vya Ulaya huwa karibu 56, na hiyo ni kwa makusudi, kwa kuwa bucha hugusa mfupa mara kwa mara na makali yaliyo magumu kupita kiasi humeguka badala ya kupinda. Kwa kazi yetu, 56 hadi 58 inatosha.

Je, unaweza kuagiza kisu kwa fundi wa jua kali? Naam, na mara nyingi mimi hufanya hivyo. Eneo letu la Magharibi mwa Kenya lina historia ndefu ya uhunzi. Wasamia wa Busia walikuwa wakiyeyusha chuma cha vilima vyao na kuwauzia majirani majembe na silaha muda mrefu kabla ya reli kufika ziwani. Siku hizi fundi hutumia springi ya lori, na hicho ni chuma kizuri chenye kaboni ya kutosha, lakini ubora wake hutegemea moto. Kwa hiyo usiulize bei kwanza. Mwulize mhunzi hivi: "Mzee, ukishakizimisha kwenye mafuta, unakirudisha tena kwenye moto mdogo?" Akijibu kwamba hukipasha tena mpaka kigeuke rangi ya majani makavu, umefika kwa mjuzi. Akishangaa swali, kisu chake huenda kikavunjika kama kigae siku ya baridi. Halafu kitazame chini ya jua. Ukiona makali yamegeuka bluu baada ya kusagwa kwa mashine, basi yamepashwa moto karibu nyuzi 300 na ugumu umeondoka mahali ulipohitajika zaidi. Beba tupa ndogo na uipitishe kwa wepesi karibu na makali: ikiteleza, chuma kimekuwa kigumu, ikiuma na kutoa unga, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Mpini hupewa nafasi ndogo katika mazungumzo ya dukani, ilhali ndio unaokata watu vidole. Mafuta ya kondoo yakishaganda mkononi, mpini laini unaong'aa huteleza kama kambare. Njia rahisi ya kuupima ni kumwomba muuzaji maji ya sabuni kidogo, ulowanishe kiganja, ukishike kisu kwa nguvu na kujaribu kusukuma ncha kwenye ubao. Kiganja kikitambaa kuelekea makali, kiache. Mpini uwe na kizuizi mbele, hata kama ni uvimbe mdogo tu, na ujaze kiganja bila kukifanya kikunjane. Plastiki yenye mparuzo na mpira mgumu ni rahisi kuosha. Mbao za mvule hupendeza, lakini hakikisha hakuna ufa kati ya mbao na chuma, maana damu itakaa humo na utakuwa umerudi kwenye tatizo la kisu changu cha Vihiga. Uliza pia kuhusu msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Msuka unaokwenda hadi mwisho wa mpini na kushikwa kwa ribiti mbili au tatu ni imara. Ule mfupi uliogandishwa kwa gundi tu hulegea ukianza kukata maungio ya paja.

Ala ya plastiki huoshwa kwa maji na kukauka. Ala ya ngozi ni nzuri machoni, lakini hunywa unyevu na kukaa nao, hivyo itumie kusafiria tu. Na ukisafiri, weka kisu ndani ya ala, ala ndani ya mfuko, na mfuko chini ya mizigo. Kukining'iniza kiunoni ndani ya matatu ni kujitafutia maswali ya polisi yasiyo ya lazima.

Kisu kipya kinolewe kabla ya siku ya kazi, kwa sababu makali ya kiwandani mara nyingi ni ya kuonyeshea tu. Tumia jiwe lenye upande wa kukwaruza na upande laini, uinue mgongo wa kisu juu ya jiwe zaidi kidogo ya unene wa penseli. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2.5 hiyo hukupa karibu nyuzi 20. Kisha yatazame makali moja kwa moja chini ya taa. Makali yaliyo tayari hayaonekani; ukiona mstari au nukta inayometa, hapo bado ni butu.

Liko tukio moja ambalo kisu, hata kiwe bora namna gani, hakipaswi kutoka kwenye ala. Mnyama aliyekufa mwenyewe ghafla, hasa akiwa amevimba upesi na anatoka damu isiyoganda puani au nyuma, asipasuliwe. Huenda ni kimeta, ugonjwa ulioua nyati wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru mwaka 2015, na kumpasua ni kuvimwaga udongoni vijidudu vinavyoweza kukaa humo kwa miongo mingi. Mwite daktari wa mifugo wa kaunti, uwazuie majirani na mbwa.

Kazi ya kawaida ikiisha, usikiache kisu ndani ya beseni pamoja na sufuria. Kioshe kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu kwenye chuma, kisha kwa maji ya moto na sabuni, ukisugua kwa mswaki wa zamani pale bapa linapokutana na mpini. Kikaushe kwa kitambaa, kiache dirishani saa moja, upake tone la mafuta ya kupikia kwenye bapa, halafu ukizungushie gazeti na kukihifadhi nje ya ala.