Jinsi ya kukusanya sarufi kwa mzungumzaji wa lugha: mwongozo kwa anayeuliza kwa Kiswahili

Mwombe Mganda akutafsirie "tuliona" naye atakupa neno moja, kisha atasubiri swali linalofuata. Luganda ina maneno matatu pale: tulabye kwa jambo la muda mfupi uliopita, twalabye kwa la karibuni kama la jana, na twalaba kwa la zamani zaidi. Hakukuficha kitu, swali lako halikumpa nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana sehemu ngumu ya kazi hii ni kuandaa maswali. Kinasa sauti kinakuja baadaye.

Kwanza yale ya lazima. Utafiti nchini Uganda unapita kwenye kamati ya maadili, kisha unaombewa kibali kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Ukifika kijijini, anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Tafuta wazungumzaji watatu au zaidi waliokulia eneo moja, wanawake na wanaume, wa rika tofauti. Kaeni saa moja kwa kikao, isizidi sana: mtu akichoka huanza kukubali kila unachosema. Muda wake ulipwe, na malipo mkubaliane kabla ya kuanza.

Nasa sauti kwa muundo wa WAV, 44.1 au 48 kHz, biti 16 au zaidi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabanwa, kwa hiyo usiutumie kwa uchambuzi wa matamshi. Nyumba ya mabati wakati wa mvua haifai kabisa. Mkeka, pazia na godoro chumbani hupunguza mwangwi. Kila neno litamkwe mara tatu, na upime la katikati, kwa sababu la mwisho hushushwa sauti kama mtu anayemaliza kuhesabu.

Anza na orodha ya maneno 200 hadi 300. Ile ya mwanaisimu Swadesh yenye maneno 207 inasaidia, ingawa ina "barafu" na "theluji", ambazo nje ya vilele vya Rwenzori huenda ukajibiwa kwa neno la kukopa. Badala yake weka muhogo, mtama, jembe, ng'ombe. Nomino zote ziulizwe umoja na wingi.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanagawa ngeli kwa kutazama mwanzo wa neno. Ngeli hujulikana kwa upatanisho. Chukua kitenzi kimoja, "-gudde" (ameanguka), ukipitishe kwenye nomino zako zote za Luganda: omuti gugudde, emiti gigudde, ekitabo kigudde, ebitabo bigudde. Ukifika kwa ng'ombe, nomino yenyewe haibadiliki, ila kitenzi kinabadilika: ente egudde ni mmoja, ente zigudde ni wengi. Kivumishi hakitakuokoa, maana ente ennene ni "ng'ombe mkubwa" na "ng'ombe wakubwa" pia. Kionyeshi kitakuokoa: ente eno, ente zino. Na angalia mtego wa Kiswahili chetu: sisi tunasema ng'ombe ameanguka, wameanguka, tukimpa mnyama upatanisho wa mtu. Luganda haifanyi hivyo. Mtafiti aliyezoea Kiswahili huingiza kanuni hiyo katika jedwali bila kujua.

Kisha geuza sentensi ziwe kanushi, hata kama unadhani hakuna jipya. Njagala okulya ni "nataka kula"; ukikanusha, irabu ya mwanzo inaanguka: saagala kulya. Usipokanusha, irabu hiyo utaiona kama kipande cha neno kisichoondoka.

Kwa njeo, yaani nyakati za kitenzi, acha tafsiri na utumie hali. "Umetoka shambani sasa hivi, nguo zina matope. Utamwambiaje mkeo?" Kisha hali ileile kwa jana, kwa juzi, kwa mwaka uliopita. Andika ni wapi umbo linabadilika.

Mpangilio wa maneno unahitaji uangalifu zaidi kaskazini na mashariki mwa Uganda. Katika Kikaramoja na Kiteso kitenzi hutangulia mtenda. Ukitoa "mtoto amekunywa maziwa", mzungumzaji anaweza kukufuata mpangilio wako, na jibu lisiwe kosa, ila si la kawaida. Mwonyeshe picha au tendo, aeleze mwenyewe. Katika Kilugbara mpangilio hutegemea kama tendo limekamilika: likikamilika yambwa hufuata kitenzi, lisipokamilika hukitangulia. Kwa hiyo sentensi kumi za wakati mmoja hazitoshi kusema "lugha hii ni ya aina hii". Tena "sisi" ya Kiswahili ni moja tu. Kiteso, na pia Icetot, lugha ya Waik wa Kaabong, hutenganisha "sisi pamoja nawe" na "sisi bila wewe". Uliza zote mbili.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno, isikutishe. Weka kila nomino katikati ya sentensi ileile, isiwe mwisho, kisha mwombe mzungumzaji aipige kwa mluzi. Melodi hujitokeza bila kelele za konsonanti. Katika Praat, programu ya kuchambua sauti, weka mpaka wa 75–300 Hz kwa sauti ya kiume, 100–500 kwa ya kike. Mstari wa sauti ukiruka ghafla hadi nusu au mara mbili, programu ndiyo imekosea. Tahajia nayo usiiamini: Luganda haiandiki toni, na Kiacholi huandikwa kwa irabu tano ilhali kinatofautisha nyingi zaidi.

Uchambuzi uandike kwa mistari mitatu, kistari kati ya mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana:

a-ba-ana ba-a-lab-a e-n-te
IT-2-mtoto 2-ZAMANI-ona-KM IT-9/10-ng'ombe
"Watoto waliona ng'ombe."

Namba ni za ngeli, IT ni irabu tangulizi (ile ya mwanzo wa neno), KM kiishio cha mwisho. Namba 9/10 imeachwa wazi makusudi, kwani hakuna kinachoonyesha ni ng'ombe wangapi.

Usimwulize mtu "tunaweza kusema hivi?" Kwa adabu atakubali, hasa ukiwa mgeni. Mwulize nani angesema hivyo na lini, au changanya sentensi mbovu na nzuri, kisha umwombe akusahihishe. Rudia maswali yaleyale siku nyingine kwa mpangilio tofauti.

Ukilinganisha lugha kadhaa, jedwali lako liwe na alama mbili tofauti: moja ya "haipo", nyingine ya "sijauliza". Seli tupu isiachwe, kwa sababu atakayelisoma baadaye ataihesabu kuwa "haipo".