Mgeni wa Gereza Alale Wapi

Mwanangu, umeniambia wamekupanga mapokezi ya wageni, yaani watu wapya wanaoletwa ndani, gereza la wilaya. Kosa ninalolijutia zaidi katika kazi hiyo nililifanya jioni, karandinga limechelewa kutoka mahakamani na kila askari anataka lokapu ifungwe.

Anza na hati. Bila hati halali ya mahakama usipokee mtu. Andika jina, sababu ya kuletwa, siku na saa aliyoingia. Pesa na simu zihesabiwe mbele yake, asaini.

Wanawake wana upande wao, na funguo zake hukaa kwa askari wa kike. Wewe usiingie huko peke yako. Aliyekuja na mtoto mgongoni, mtoto huyo si mfungwa.

Mahabusu asilale na wafungwa. Huyo bado hajahukumiwa. Avae nguo zake kama ni safi, na asilazimishwe kwenda shamba. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zimeyataja haya waziwazi.

Sasa umri, na hapa nakuomba utulie. Jioni ile hati ilisema miaka 19, nikamwingiza kijana bweni la wakubwa. Asubuhi nilimkuta amejikunyata mlangoni, hajafumba jicho usiku kucha. Nilipomuuliza alimaliza lini darasa la saba, hesabu ikagoma kabisa kufika 18. Tangu siku hiyo kila mwenye sura changa nilimuuliza hivyo: ulimaliza shule mwaka gani, nani anakufuatia kwenu, ana miaka mingapi? Ukiwa na shaka, mtenge na wakubwa usiku huohuo na umwamshe mkuu wa gereza hata kama amelala, ili mahakama na ustawi wa jamii wajulishwe. Mahali pa mtoto ni mahabusu ya watoto.

Usipange watu kwa kosa peke yake. Mwizi wa kuku aliyeingia mara ya tano anaweza kumharibu mgeni kuliko mtuhumiwa wa mauaji ambaye hajawahi kuona selo. Wa mara ya kwanza wakae na wenzao. Muulize kila mgeni kama humo ndani kuna mtu mwenye ugomvi naye. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aonwe na mganga wa gereza kabla hajaingia bwenini.

Msongamano utakubana, naujua. Wabananishe watu wa kundi moja, lakini mtoto na mkubwa usiwachanganye hata kwa usiku mmoja. Na nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, asikupangie mgeni alale wapi, kwa kuwa nafasi ya kulala huuzwa kwa sabuni na sigara, na asiye na kitu huishia chooni.

Kabla ya kufunga, hakikisha ndugu zake wamejulishwa yuko wapi. Asubuhi mwite kila mgeni pembeni, nyapara asisikie, umuulize amelala karibu na nani. Akisitasita kujibu, mhamishe kwanza, maelezo utayachukua baadaye.