Jinsi ya kujua kama mbunge wako kweli anatetea mwananchi kwa mambo ya ushuru

Mbunge akiwa matangani ama kwa harambee huwa mtetezi wa mahasla, anapiga kelele eti ushuru umezidi na watu wanampigia makofi, lakini hapo hajapoteza kitu. Mpime kwa kura zake, na hizo ziko wazi.

Ingia tovuti ya Bunge la Kenya utafute Hansadi, ile rekodi rasmi ya vikao, ya Juni 20 na Juni 25, 2024, zile siku wabunge walipigia kura Mswada wa Fedha, ule wa ushuru wa kila mwaka. Ni bure. Hotuba ruka, shuka mpaka pale majina yameandikwa, wa ndiyo kivyao na wa hapana kivyao, kisha linganisha hizo siku mbili. Juni 20 waliokataa walikuwa 115, Juni 25 wakabaki 106, na hiyo ndio siku vijana walipigwa risasi nje ya Bunge wakipinga mswada huo huo. Kama wako alikuwa kwa 115 na kwa 106 hayuko, muulize alikuwa wapi. Mimi asiyekuwepo namhesabu pamoja na wale 195 waliosema ndiyo Juni 25, maana kiti kitupu hakizuii ushuru.

Usiishie hapo. Rais alikataa kuusaini, sawa, lakini Julai ushuru wa barabara kwa mafuta ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na Desemba sheria ingine ya ushuru ikatiwa saini. Cheki alisema nini hapo, wengi hunyamaza kamera zikishaenda.

Ukienda kumuona beba slipu ya mshahara. Mtu wa mshahara wa 30,000 anakatwa 450 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu na 825 ya bima ya afya, hiyo ni 1,275 na bado hajapanda matatu. Muonyeshe, alafu uliza swali moja tu: Mheshimiwa, hii ya nyumba ulipiga kura gani? Akianza story za barabara amejenga, mrudishe pole pole kwa swali.

Na usingoje Juni. Mswada hufika Bunge kufikia mwisho wa Aprili, kisha kamati ya fedha inachukua maoni ya wananchi, na kelele za wakati huo zinasaidia, 2024 ushuru wa mkate uliondolewa kabla hata ya kura. Andika barua kwa karani wa Bunge useme kifungu gani kinakuumiza na kwa nini, nakala ipeleke ofisi ya mbunge hapo eneo bunge, na hakikisha nakala unayobaki nayo wameipiga muhuri wa tarehe kabla utoke.